Kidonge Kipewe Nafasi ya Kushindwa

Upande mmoja walikufa watu 181, upande wa pili 184. Hayo ndiyo matokeo makuu ya jaribio lililoitwa NUSTART, lililofanyika Mwanza na Lusaka na kuchapishwa mwaka 2015. Washiriki walikuwa 1,815, watu wazima wenye virusi vya UKIMWI waliokonda kupita kiasi, ndio kwanza wanaanzishiwa dawa za kufubaza virusi. Wote walipewa chakula cha nyongeza kilichofungwa kwenye pakiti. Pakiti za kundi moja zilitiwa vitamini na madini kwa kiwango kikubwa. Za kundi la pili hazikutiwa. Waliotaka kujua walikuwa na swali moja: je, vitamini na madini hayo yatapunguza vifo katika majuma ya mwanzo ya matibabu, ambayo ndiyo ya hatari kuliko yote? Jibu likaja kwamba hayapunguzi.

Wapo wanaosoma matokeo ya namna hiyo wakafunga karatasi na kusema fedha za watu zimepotea. Mimi ndipo huanza kusoma upya. Jaribio la kirutubisho likileta habari njema, wa kulishangilia ni wengi na wa kulikagua ni wachache. Likileta habari ya kukatisha tamaa, kila aliyekuwa na matumaini atatafuta ufa wa kupitia: labda hawakunywa, labda makundi hayakuwa sawa, labda waliohesabu walikosea. Ufa usipoonekana, ujue palikuwa na mafundi.

Nalisema hili wakati ambapo matangazo ya vidonge vya kusafisha mishipa ya moyo hayakosekani kwenye simu za watu. Kimoja kati ya vinavyosifiwa sana ni vitamini K2, kinachodaiwa kuzuia chokaa isigande kwenye mishipa na kwenye valvu, ile milango ya moyo. Nitakifikia. Lakini siwezi kukizungumzia kidonge hicho kabla ya kueleza kazi yenyewe ya kupima kirutubisho, na kazi hiyo naona ni haki kuielezea kutoka Mwanza, kwa sababu imefanywa hapa kwa miaka mingi na kwa mikono ya watu wa hapa, katika kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, jirani na Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Bugando.

Tuanze na pakiti. Jambo la kwanza linalonivutia katika NUSTART ni kwamba makundi yote mawili yalipewa chakula. Ingekuwa rahisi kumpa mmoja pakiti yenye kila kitu na mwingine asipewe chochote. Lakini wa kwanza akinenepa na wa pili akabaki mifupa mitupu, utajuaje kilichofanya kazi ni vitamini na si mafuta na sukari? Aliyeuliza juu ya vitamini lazima aviweke vingine vyote sawa. Tena palikuwa na ubinadamu ndani yake: kigezo cha kuingia kilikuwa uwiano wa uzito na urefu ulio chini ya 18.5, yaani mtu wa mita 1.65 awe na kilo 50 au pungufu. Huwezi kumtazama mtu wa namna hiyo ukamwambia wewe ni wa kundi la kulinganishia, nenda nyumbani.

Kisha pakiti zenyewe zifanane. Hapa watu hudhani ni suala la kuchapa karatasi za rangi moja. Sivyo. Zinki, kwa mfano, huacha ladha ya bati mdomoni, na wagonjwa hukutana kwenye benchi la kliniki, wakaonjeshana, wakalinganisha. Siku watakapogundua kwamba ya Juma ina uchachu na ya Rehema haina, jaribio limeingia doa: wa kundi moja ataanza kujisikia nafuu kwa sababu anaamini anapewa dawa, na wa kundi jingine atatafuta vidonge vya duka la dawa ili asipitwe. Kufanya vitu viwili visivyo sawa vionekane, vinuke na kuonjeka sawa ni kazi ya jikoni hasa, na kwa kawaida ripoti ya mwisho huipa sentensi moja tu.

Kipimo nacho kilifikiriwa. Mwanzoni mgonjwa alipewa gramu 30 kwa siku. Baada ya wiki mbili za dawa za kufubaza virusi, kikapanda hadi gramu 250 kwa siku, kwa wiki nyingine nne. Sababu ya kwenda polepole ni ya kitabibu: mwili uliozoea njaa ukishtuliwa na shibe, fosfeti iliyo kwenye damu hukimbilia ndani ya seli, na damu ikibaki na fosfeti kidogo mno mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Wengi waliokuwa wamenusurika njaa wamewahi kuuawa na mlo. Kwa hiyo watafiti hawakuishia kuhesabu vifo; walipima fosfeti na potasiamu njiani. Wakakuta vitamini na madini yale yamepunguza idadi ya wenye fosfeti ya chini, ambalo ni jema, lakini yameongeza idadi ya wenye fosfeti ya juu na potasiamu ya juu. Mkono mmoja umetoa, mkono mwingine umechukua. Kumbuka neno fosfeti. Litarudi tukifika kwenye mishipa.

Sasa nani apewe ipi? Hapa ndipo penye fundo la kazi yote. Mgawanyo ulifanywa kwa nasibu, na orodha ya nani kapata nini hukaa kwa mtu asiyewaona wagonjwa kabisa. Hili si kwa sababu manesi ni wadanganyifu. Ni kwa sababu wana huruma. Nesi akimwona mama aliyeingia anashikiliwa na mwanawe, hawezi kusimama, moyo wake utataka mama yule apate pakiti iliyo bora. Akifanya hivyo kwa wagonjwa kumi, kundi la pakiti bora litajaa waliokuwa karibu na kufa, na kirutubisho kitaonekana kinaua. Daktari mwingine mwenye matumaini makubwa angeweza kufanya kinyume chake, bila kujijua. Nasibu haimdhanii mtu ubaya. Inazuia hata wema wake usiingie mahali usipotakiwa.

Wala haitoshi kwamba mgonjwa hajui. Anayempima asijue, anayeandika kifo asijue, anayechora majedwali asijue mpaka siku ya mwisho. Mtu akijua, jicho humwongoza: kilo 46.4 itakuwa 46.5, kikohozi kitakuwa kimepungua. Wenye kuijua kazi hii hawajidai kuwa na macho yasiyo na upendeleo. Hujifunga kitambaa kwa hiari yao.

Mwanza ilikuwa na uzoefu wa hayo kabla ya NUSTART. Mwaka 2006 Nyagosya Range na wenzake, akiwemo John Changalucha aliyekiongoza kituo cha NIMR Mwanza kwa muda mrefu, walichapisha jaribio la virutubisho kwa wagonjwa wa kifua kikuu wa Mwanza. Wagonjwa walikuwa 499. Muundo wake unanifurahisha kila nikiusoma. Walitaka kujua mambo mawili kwa mpigo: zinki, miligramu 45 kwa siku, inasaidia? Na mchanganyiko wa vitamini na madini mengine, nao unasaidia? Badala ya kufanya majaribio mawili, waligawa watu katika makundi manne: wa kwanza zinki na mchanganyiko, wa pili zinki na kidonge kisicho na kitu, wa tatu mchanganyiko na kidonge kisicho na kitu, wa nne vidonge viwili visivyo na kitu. Mgonjwa mmoja anajibu maswali mawili. Tena linapatikana swali la tatu la bure: je, vikikutana hivyo viwili, vinafanya zaidi ya kila kimoja peke yake?

Na hilo la tatu ndilo lililotoa jibu lililoonekana zaidi. Waliopata vyote viwili waliongezeka uzito zaidi, kwa wastani wa kilo 2.37 juu ya wengine. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu kilo mbili na ushei si mzaha. Ni suruali kukaa kiunoni bila kamba. Upande wa vifo, ambavyo jumla vilikuwa 52, zinki haikuonyesha tofauti ya kuaminika, wala mchanganyiko.

Kuna namba nyingine katika ripoti ile ambayo naipenda kuliko kilo zile. Matibabu yalikuwa ya miezi 8, na mwisho wake hali ya wagonjwa 422 kati ya 499 ilijulikana, kama ni wazima au wamefariki. Sabini na saba waliobaki hawakujulikana waliko, na ripoti inalisema hilo kwa namba, mapema, pale linapoonekana. Anayeijua Kanda ya Ziwa haulizi sana kwa nini watu 77 walipotea. Atashangaa walipatikanaje wale 422.

Maana mtu wa hapa hakai. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukipevuka anatua, na huenda akautumia muda huo kwenda kwao. Anahama na dagaa, leo yuko mwalo wa Kayenze, mwezi ujao Ukerewe, baadaye ukisikia yuko visiwa vya upande wa Muleba usishangae. Mwingine ameenda kujaribu bahati kwenye machimbo ya Geita. Mwingine anaishi mlimani Mabatini au Bugarika, kwenye nyumba zilizopandana juu ya mawe, ambako anwani ni “ukifika kwa mama muuza maandazi, panda kulia”. Mfanyakazi wa utafiti anayefuatilia wagonjwa lazima ajue kalenda ya mwezi, ratiba ya kivuko cha Kamanga na jina la mwenyekiti wa mtaa. Lazima ajue kuingia kwenye nyumba ya mgonjwa bila majirani kujua amekuja kwa ajili gani. Na aliyekuja kumweleza bibi wa Magu maana ya kugawanywa kwa nasibu, kwa Kisukuma, mpaka bibi akaelewa kwamba anaweza kukataa na bado atatibiwa, kisha ndipo akaweka dole gumba, huyo kafanya sayansi sawa na aliyekokotoa takwimu.

Vivyo hivyo na kuhesabu mabaki. Katika majaribio ya vidonge mgonjwa huambiwa arudi na kichupa chake, na vilivyobaki vinahesabiwa mbele yake. Mwenye busara hamgombezi aliyerudi na vingi. Ukimgombeza leo, mwezi ujao atavimwaga njiani, arudi na kichupa kitupu na tabasamu. Kauli ya upole inaleta namba za kweli.

Desturi hii ya ziwani ina mizizi. Kati ya mwaka 1991 na 1994, mkoani Mwanza kulifanyika jaribio la kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya, ili kuona kama maambukizi ya virusi vya UKIMWI yatapungua. Hapo kilichogawanywa si mtu mmoja mmoja, ni jamii 12, zikiwekwa mbilimbili zinazofanana, jozi 6, na katika kila jozi jamii moja ikaanza na nyingine ikasubiri. Maambukizi mapya yalipungua kwa asilimia 40 hivi, na dunia nzima ikaisikia Mwanza. Baadaye, mwaka 1999, wenzetu wa Rakai, Uganda, ng’ambo ya pili ya ziwa hilohilo, walichapisha jaribio lao la kutibu jamii nzima kwa mpigo. Wao hawakuona punguzo. Watafiti wakabishana kwa miaka kuhusu sababu: hatua ya janga, aina ya magonjwa, namna ya kutibu. Hakuna aliyemwita mwenzake mwongo, kwa sababu kila upande ulikuwa umeandika kazi yake hatua kwa hatua, mwingine anaweza kuifuata kwa kidole. Na juzi juzi tu, jaribio la DoRIS lililowahusisha wasichana 930 wa Mwanza lilisaidia kuonyesha kwamba dozi moja ya chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, inaamsha kinga ya kutosha. Tangu mwaka 2024 Tanzania inachanja dozi moja.

Nirudi kwenye chokaa.

Valvu ya aota, mlango wa kutokea damu kwenda mwilini, ina vipande vitatu vyembamba vinavyofunguka na kufunga mara laki moja hivi kwa siku. Kwa baadhi ya watu, uzeeni, vipande hivyo hujaa kalsiamu, vikawa vigumu, mlango ukawa mwembamba. Zamani ilidhaniwa ni uchakavu tu, kama kutu. Sasa inajulikana kuwa ni kazi hai: seli za ukuta wa mshipa na za valvu hubadili tabia zikaanza kujenga kitu kinachokaribia mfupa. Fosfeti ikizidi kwenye damu, kama inavyokuwa kwa wenye figo zilizoshindwa, inazisukuma seli huko. Ndiyo maana nilisema neno hilo litarudi. Kalsiamu ya dagaa unaowala na mifupa yake haitoki sahanini ikaenda kujibandika kwenye valvu. Kinachoamua ni walinzi waliomo ukutani mwa mshipa.

Mmoja wa walinzi hao ni protini ambayo seli za mshipa huitengeneza zenyewe. Mwaka 1997 ilichapishwa habari ya panya walionyimwa jeni ya protini hiyo: mishipa yao mikubwa iligeuka chokaa, na walikufa ndani ya miezi miwili tangu kuzaliwa. Protini hiyo haifanyi kazi mpaka iamshwe, na kinachoiamsha ni vitamini K. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K ya aina ya kwanza kwa wingi. Ya aina ya pili, K2, hutengenezwa na bakteria, na hupatikana kwenye jibini na kwenye vyakula vilivyochachushwa. Mwaka 2004 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walioangalia ulaji wa watu 4,807, waliripoti kwamba vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo vilikuwa vichache zaidi kwa waliokula K2 nyingi. Panya wapo, kemia ipo, walaji wa jibini wapo. Muuza vidonge anahitaji nini zaidi?

Anahitaji kilekile kilichofanyika Mwanza. Mla jibini wa Rotterdam huenda ana fedha zaidi, anatembea zaidi, anamwona daktari mapema. Lazima watu wagawanywe kwa nasibu. Kazi hiyo ilifanyika Denmark, ambako Henrik Dam alianza mwaka 1929 uchunguzi wa vifaranga waliokuwa wakivuja damu, uchunguzi uliomfikisha kwenye vitamini K yenyewe. Jaribio liliitwa AVADEC, likachapishwa mwaka 2022. Lilichukua wanaume 365 ambao valvu zao za aota zilikuwa tayari na chokaa lakini bado hawajafikia kuhitaji upasuaji. Kundi moja lilipewa kila siku mikrogramu 720 za K2 pamoja na vitamini D, kundi la pili vidonge visivyo na kitu, kwa miaka miwili.

Kipimo chao kinastahili aya yake. Mwaka 1990 Arthur Agatston na wenzake huko Marekani walipendekeza namna ya kuhesabu chokaa kwenye picha za mashine ya CT. Kila doa jeupe linalovuka kiwango fulani cha ung’avu linapimwa eneo lake, kisha linazidishwa kwa namba kati ya 1 na 4 kulingana na linavyong’aa, kisha madoa yote yanajumlishwa. Hesabu ya kawaida kabisa, ya darasani. Uzuri wake ni kwamba msomaji wa Odense, Denmark, na msomaji wa Nairobi wakipewa picha moja watakaribiana, na kwamba ongezeko la mwaka mmoja linaonekana kabla mgonjwa hajasikia chochote. Bila kipimo hicho ungesubiri watu wafe au wapasuliwe, na ungehitaji maelfu.

Baada ya miaka miwili, chokaa ya waliopewa K2 ilikuwa imeongezeka kwa alama 275. Ya wenzao, 292. Tofauti ni 17, na kwa hesabu zao tofauti hiyo haiwezi kutenganishwa na bahati.

Hapa ndipo ninapovua kofia. Mtetezi wa kidonge angesema: wazee wale hawakunywa. Watafiti walikuwa wamelitarajia hilo. Walipima kwenye damu kiasi cha ile protini mlinzi ambayo bado imelala, haijaamshwa. Kwa waliopewa K2 kiasi hicho kilishuka. Kwa wengine hakikushuka. Kwa hiyo kidonge kilinywewa, kilifika, kikaamsha mlinzi, na chokaa ikaendelea kama kawaida. Kuna umbali mkubwa kati ya jaribio linalosema “hatukuona kitu” na jaribio linaloweza kukuonyesha mlango gani ulifunguka na upi ulibaki umefungwa. Jambo kama hilo lilishatokea Edinburgh mwaka 2005, kwa wagonjwa 155 wenye valvu iliyobana: dawa ya kushusha lehemu ilishusha lehemu barabara, valvu ikazidi kubana.

Je, jaribio la K2 lifanyike Mwanza? Maoni yangu: si sasa, na si kwa valvu. Milango ya moyo inayoharibika mapema kwetu mingi haijaharibiwa na uzee. Imeharibiwa na homa ya baridi yabisi inayofuata mafindofindo ya utotoni, kovu likafuata kovu. Swali lake limejibiwa karibu nasi. Kaskazini mwa Uganda, Gulu, zaidi ya watoto na vijana laki moja walipimwa moyo kwa altrasaundi, 818 wenye dalili za mwanzo wakagawanywa kwa nasibu: nusu wakachomwa penisilini kila baada ya wiki nne, nusu wakafuatiliwa tu. Matokeo ya mwaka 2022: baada ya miaka miwili ugonjwa ulisonga mbele kwa 3 kati ya waliochomwa, na kwa 33 kati ya wenzao. Hapo hapakuwa na namna ya kumficha mtoto. Sindano ile inauma na kila mtoto anajua kama kachomwa. Kitambaa kikafungwa macho ya wasomaji wa picha, ambao hawakujua wanaangalia moyo wa nani. Ukishindwa kufunga mlango mmoja, unafunga unaofuata.

Na kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu na K2 huku kwetu. Wagonjwa waliowekewa valvu za kutengenezwa, wengi wao wakiwa vijana, hutumia warfarin maisha yao yote. Warfarin inafanya kazi kwa kuibana vitamini K. Ndiyo maana kliniki huwaambia wasiache mboga za majani ila wale kiasi kilekile wiki hadi wiki, ili kipimo cha damu kisiyumbe. Kidonge cha K2 kinachonunuliwa kimyakimya kinavuta kamba upande wa pili, na damu inaweza kuganda kwenye valvu.

Limebaki jambo moja, ambalo hunirudisha kwa Range na wagonjwa wake 499. Katika jaribio lile, wagonjwa 213 walikuwa pia na virusi vya UKIMWI, na ukiwaangalia hao peke yao, waliopata zinki na mchanganyiko kwa pamoja walionekana kufa wachache sana kuliko wenzao. Mtu mwenye haraka angetoka na tangazo. Wao waliandika kwa tahadhari, kwamba hilo ni la kuchunguzwa. Mwaka 2011 kundi la George PrayGod, hapahapa Mwanza, likachapisha jaribio jingine la wagonjwa wa kifua kikuu: safari hii vitamini na madini viliongeza uzito na nguvu ya kubana kiganja kwa wasio na virusi, na kwa wenye virusi havikuongeza. Kinyume. Kisha ikaja NUSTART, kubwa kuliko zote, kwa wenye virusi tu, na zile namba zake mbili. Tumaini lilichukuliwa kwa uzito wake, likageuzwa swali, swali likajibiwa. Kwa jumla ilichukua karibu miaka kumi.

Wadenmark wako hapo sasa. Walipoangalia mishipa ya moyo badala ya valvu, kwa jumla tofauti haikuwa ya kuaminika, lakini kwa waliokuwa na alama 400 na kuendelea, chokaa ilionekana kwenda polepole kwa waliopewa K2. Kundi dogo ndani ya kundi, kama lile la wagonjwa 213. Watafiti hawakuishia kwenye tangazo. Wameandaa jaribio jingine kwa ajili ya watu wa alama hizo peke yao. Aliyeuliza kuhusu valvu ameshajibiwa. Aliyeuliza kuhusu mishipa ya moyo asubiri hesabu mpya, na kama anatumia warfarin asikiguse kidonge hicho kabla hajazungumza na kliniki yake.